Joto Ndilo Linalochagua Pedi

Mwenye Subaru Impreza STI akiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta pedi za breki, anaulizwa mambo mawili tu: gari la mwaka gani, na ana shilingi ngapi. Akionekana anazo, anasogezewa boksi lililoandikwa seramiki au lenye picha ya gari la mbio. Hakuna anayemuuliza gari hilo linapita wapi. Kalipa zake za Brembo za rangi ya dhahabu, zenye pistoni nne mbele na mbili nyuma, hazibagui. Pedi ya bei yoyote iliyokatwa kwa umbo lake itaingia, itashikwa na pini zile zile, na fundi akijaribu uani gari litasimama. Tofauti inakuja kujulikana mteremkoni.

Breki inageuza mwendo kuwa joto, haina kazi nyingine. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, kiasi cha kilojuli 580 zinaishia kwenye diski na pedi. Likisimamishwa kutoka 140 ni kilojuli 1,130, karibu mara mbili, japo spidi haijaongezeka hata kwa nusu. Sasa lipeleke mteremko wa Kitonga, au ule wa bonde la Mai Mahiu. Kila linaposhuka mita 100 za kimo, gari hilo linaachia kilojuli 1,470, sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Upepo unachukua sehemu yake, na injini inachukua nyingine ikiwa dereva ameshuka na gia ndogo. Kinachobaki kinabebwa na breki, kona baada ya kona, na diski haipati nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni pedi zako zinafanya kazi kwenye joto la nyuzi ngapi. Ugumu wake na jina la kiwanda vinafuata baadaye.

Pedi ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi, unga wa metali, grafiti na chembe za kukwaruza, vyote vimegandishwa kwa gundi ya resini na kubanwa juu ya bamba la chuma. Pedi laini za gari la kawaida zina gundi na nyuzinyuzi nyingi na metali kidogo. Zinauma tangu asubuhi zikiwa baridi, hazipigi kelele, hazili diski. Zikipita nyuzi 350 au 400 hivi za Selsiasi, gundi inaanza kuungua na kutoa gesi, na mshiko unapotea. Pedi zenye unga mwingi wa chuma zinahimili joto zaidi, lakini zinatoa vumbi jeusi linalong'ang'ania rimu na pengine zinalia. Zile zinazoitwa za seramiki zina sifa ya usafi na utulivu, na ndiyo sababu watu wa mjini wanazipenda. Neno hilo peke yake halisemi lolote kuhusu uwezo wa kushuka mlima kwa kasi. Wala zisichanganywe na diski za kaboni na seramiki ambazo Porsche ilianza kuzifunga kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Hizo zina pedi zake, na ukizifunga pedi za diski ya chuma unaharibu mali.

Zamani kazi ya kuhimili joto ilifanywa na asbesto. Mwingereza Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, alianza kutengeneza vitu vya breki mwaka 1897, enzi za mikokoteni ya farasi, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata asbesto ilikuwa ndani ya breki karibu zote. Leo nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa sababu vumbi lake linaleta saratani. Spea kuukuu na zisizojulikana zilikotoka bado zinazunguka, kwa hiyo fundi anayepuliza vumbi la breki kwa kompresa, uso wake ukiwa hapo hapo, anacheza na mapafu yake. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Ukitaka kujua pedi ina nini, acha boksi, geuza pedi yenyewe utazame ukingo wake au mgongo wa bamba. Nyingi zina msururu wa namba na herufi unaoishia kwa herufi mbili kama FF, FG au GG. Herufi ya kwanza ni mshiko ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F inafika 0.45, G inafika 0.55. Pedi ya FE, basi, inalegea ikipata moto, na kwa gari lenye turbo hiyo si pedi. Lakini usizishangilie sana herufi hizo. Kipimo hufanywa maabara kwa kipande cha inchi moja kwa moja, na joto lake linaishia nyuzi 340 hivi. Pedi mbili zenye GG zinaweza kuachana kabisa zikifika nyuzi 500. Alama ya Ulaya, herufi E yenye namba ya nchi ndani ya duara ikifuatana na 90R, inamaanisha pedi imepimwa na haitofautiani na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Bila shaka waigaji nao wana mihuri. Pedi ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole, au ambayo nyama yake imeachana na bamba pembeni kiasi cha kupitisha ukucha, irudishe papo hapo.

Baada ya hapo kinakuja kishawishi cha pedi za mbio. Nyingine zinatengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 200 hadi kupita 700, na kwenye uwanja wa mbio ni tamu kweli kweli. Tatizo ni kwamba gari linalokwenda kazini asubuhi halizifikishi nyuzi 200. Mtoto akikatiza mbele yako kwenye kona ya kwanza kutoka nyumbani, utakanyaga na gari litachelewa kuitika. Juu ya hapo, zikiwa baridi zinasaga diski na kupiga mayowe mtaa mzima. Kwa STI ya kila siku inayopanda na kushuka milima mwisho wa wiki, mimi ningefunga pedi ya daraja la kati, ile viwanda vinayoiita ya barabara na kasi, yenye metali ya kutosha na inayouma tangu ikiwa baridi. Anayekwenda uwanjani anunue seti ya pili, aifunge siku hiyo, aivue kabla ya Jumatatu.

Mbele na nyuma zifungwe pedi za jamii moja. Ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, na mgawanyo wa nguvu ulipangwa kiwandani kwa kuzingatia hilo. Pedi kali mbele na laini nyuma zinayaachia magurudumu ya mbele kazi yote. Kinyume chake ni hatari zaidi, maana nyuma ikitangulia kushika, gari linageuka.

Breki zikigoma mteremkoni, mguu unakwambia kilichogoma. Pedali ikiwa ngumu na gari halipungui mwendo, pedi zimezidiwa. Pedali ikizama kama sponji, mafuta ya breki yamechemka, na hapo hata pedi za bei kubwa hazikusaidii. Mafuta mapya ya DOT 4 yanachemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kwa miaka michache kiwango kinachohesabiwa ni 155. Mafuta ni rahisi kuliko pedi, na wengi wanaonunua pedi za gharama hawajayabadilisha tangu gari lishuke bandarini.

Pedi mpya inahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kwa nguvu kutoka kilomita 90 hadi 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali zikiwa moto, nyama ya pedi inagandia sehemu moja ya diski, na baadaye usukani unatetemeka watu wakisema diski imepinda. Baada ya safari ya kwanza ya milimani, vua gurudumu la mbele uangalie. Rangi ya bamba ikiwa imegeuka jivu, kingo zimemeguka na mpira wa kuzuia vumbi wa pistoni umekauka kama ganda, unahitaji pedi ya daraja la juu zaidi. Rangi ikiwa nzima na uso wa pedi ni wa kijivu kisichong'aa, baki na hizo hizo mpaka zifike unene wa milimita 3.