Jeki ya Pikapu Kuukuu: Pimeni Kabla ya Kulipa

Tumeona kikundi kikinunua Hilux ya zamani, kinakagua injini na bodi tu. Jeki haimo, na hilo hujulikana siku tairi inapotoboka, mitungi ya maziwa ikiwa nyuma na jua linapanda.

Kabla ya kwenda kwa mafundi wa jua kali mjini Kakamega, toeni upepo kwenye gurudumu moja la nyuma, mpime nafasi kutoka ardhini hadi chini ya ekseli. Jeki iliyo ndefu kuliko nafasi hiyo haitaingia, hata ikiwa na nguvu za tani tano. Ikiwa ni ya mafuta, inueni gari nayo, mngoje robo saa, na mtu asiingie chini. Ikishuka, rudisheni!

Spana ya nati za Hilux ni milimita 21. Hiyo hupatikana. Taabu ni ule mpini mrefu wa kuteremshia spea, maana spea hufungwa kwa mnyororo chini ya bodi. Bila mpini, spea mnayo lakini hamuifikii. Fundi wa kuchomelea aweza kuutengeneza kwa nondo, ila mpelekeeni gari lenyewe, aone tundu lake.

Ongezeni kipande cha ubao mgumu cha kukalishia jeki. Udongo wetu wakati wa mvua huimeza.