Nimonia, dripu na damu chapwa

Mwezi uliopita nilikesha wodini na dadangu. Mwanawe wa miezi 10 alikuwa amelazwa kwa nimonia, anapumua mbio na kifua kinabonyea. Usiku wa pili alilegea, kisha akashikwa na degedege. Mama yetu hakungoja. "Hili ni dege. Tumrudisheni nyumbani akatiwe dawa."

Daktari akamwomba kwa heshima: "Mama, nipe nafasi nipime damu kwanza." Majibu yalipokuja, sodiamu ya mtoto ilikuwa 121.

Sodiamu ni madini yaliyomo kwenye chumvi tunayokula. Katika damu, kiwango chake cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Ikiwa chini ya 135 imeshuka, na ikiwa chini ya 125 ni hatari kubwa.

Mimi nilidhani mtoto amekosa chumvi. Kumbe sivyo. Chukua mchuzi uliokolea, uongeze maji sufuriani. Chumvi ni ile ile, lakini mchuzi umekuwa chapwa. Damu nayo huwa hivyo. Mapafu yakiugua, ubongo huweza kutoa homoni inayoziamuru figo zisitoe maji. Mkojo hupungua, maji hubaki mwilini na damu huwa chapwa. Maji hayo huingia kwenye seli za ubongo, ukavimba. Ndipo mtoto hutapika, hulegea na kushikwa na degedege.

Si jambo geni. Utafiti uliochapishwa 1985 kutoka Papua New Guinea ulikuta sodiamu imeshuka kwa karibu nusu ya watoto waliolazwa kwa nimonia.

Sasa niseme kosa letu. Mchana kutwa dadangu alikuwa akimsihi muuguzi aongeze mwendo wa dripu, nami nikimnywesha mtoto maji ya glukosi kwa kijiko. Tuliona ndiyo huruma. Lakini kwa mtoto mwenye nimonia kali, maji ya kupita kiasi, hasa yasiyo na chumvi ya kutosha, huzidi kuishusha sodiamu. Madaktari walipunguza maji, wakampa dripu ya chumvi kali kwa kipimo, huku oksijeni na antibayotiki zikiendelea.

Usiende nyumbani ukamtilia mtoto chumvi kwenye uji. Sodiamu ikipandishwa haraka mno, nayo hudhuru ubongo. Hiyo ni kazi ya hospitali. Mtoto anayeweza kunyonya aendelee kunyonya. Na mwenye kuharisha ni habari nyingine: huyo anapoteza maji na chumvi, na ORS ndiyo dawa yake.

La kwetu ni kuwahi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi ni mbio. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Akibonyea kifua, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akishikwa na degedege, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane. Ukifika, uliza: "Sodiamu yake imepimwa? Anahitaji maji kiasi gani?"

Mtoto wetu alitoka siku ya sita. Mama bado analiita dege, lakini siku hizi ndiye anayewahimiza majirani: "Hospitali kwanza."