Mradi wa Jioni Moja

Mpango niliuandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Jumamosi jioni niiwashe mashine, niiunganishe na skrini ya kisasa, mahali pa kaseti niweke memori kadi, kisha chini yake nichomeke kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero iwe prosesa yake ya pili. Kabla ya usiku wa manane niwe nimemaliza. Kazi hiyo ilinichukua miezi mitatu.

Mashine yenyewe ni BBC Micro, Model B: kompyuta ya nyumbani ambayo kampuni ya Acorn ya Cambridge iliitoa Desemba 1981, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 na prosesa ya megahezi 2. Nilipewa na jirani yangu hapa Uingereza, mwalimu mstaafu, aliyeiweka darini tangu shule yake ilipoachana nayo. Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwa shuka kuukuu, akaomba jambo moja tu: siku itakapofufuka, nimwite.

Mzee mmoja wa Mombasa anayeishi huku, fundi wa redio ninayemheshimu kama baba, alinionya kwa simu. "Mwanangu, usiiwashe kabla hujafungua boksi la umeme." Niliiwasha. Dakika kumi hazijapita, moshi ukatoka na harufu kali ikajaa chumba. Ndani ya boksi lile mna kapasita za karatasi zinazochuja umeme wa ukutani. Kwa miaka maganda yake hupasuka, unyevunyevu ukaingia, karatasi ikalowa, na siku umeme unaporudi huungua. Kapasita mpya ni za bei ndogo, ila kuzisubiri ni wiki nzima. Mzee alikuja mwenyewe na pasi yake ya kulehemu, na hakunikumbusha hata neno moja la onyo lake.

Tulipoiwasha tena ililia. BBC Micro nzima hutoa mlio mfupi mzito, kisha mwembamba, ikanyamaza. Hii iliendelea na ule mzito bila kukoma, maana yake prosesa haijaanza kazi. Kwenye daftari langu hapakuwa na mstari wa jambo kama hilo. Jioni mbili tulizimaliza tukichomoa chipu moja moja kwenye soketi zake, tukisugua miguu iliyoingia kutu na kuirudisha, hadi yakatokea maneno "BBC Computer 32K". Skrini ilidai kifaa cha kati, kwa sababu mashine hii hutuma mistari kama elfu kumi na tano na mia sita kwa sekunde, na skrini za leo nyingi hazishuki huko. Memori kadi haikusumbua.

Kilichobaki ni ile prosesa ya pili, na hapo ndipo nilipojifunza mengi, kuanzia historia ya mashine yenyewe.

Shirika la BBC lilipopanga kuwafundisha Waingereza kompyuta kupitia televisheni, lilidhani mashine zitakazouzwa ni kama 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Hali halisi iliupita mpango: boksi za umeme za mwanzo zilipata moto kupita kiasi, na wanunuzi walisubiri mashine zao kwa miezi. Serikali ililipa nusu ya bei kwa shule. Jirani yangu anakumbuka kuwa shule yao ilipata moja, darasa likapanga foleni ya dakika kumi kwa mtoto, na yeye akisoma kitabu usiku ili asubuhi awe mbele yao kwa ukurasa mmoja.

Hata hivyo wabunifu wake, akina Sophie Wilson na Steve Furber, waliacha mlango chini ya mashine. Waliuita Tube, na uliwekwa kwa ajili ya prosesa yoyote itakayokuja baadaye. Kupitia mlango huo, tarehe 26 Aprili 1985, chipu ya kwanza kabisa ya ARM ilifanya kazi, ikiwa imebuniwa na watu hao hao. Uzao wa chipu hiyo leo umo ndani ya simu ya msomaji, na umo pia ndani ya Raspberry Pi. Kwa hiyo nilichokuwa nikichomeka ni kitukuu, kikirudi kwa mlango aliopitia babu yake. Hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia.

Kitukuu hakikupokelewa kirahisi. Mashine ya zamani huzungumza kwa volti 5, Pi huvumilia 3.3, kwa hiyo lazima pawe na chipu za kati za kupunguza. Tena Tube ikiuliza, hutaka jibu ndani ya robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Pi ya gigahezi moja ina mbio nyingi, lakini ikiendesha Linux huwa na shughuli zake nyingine na hujibu kwa kuchelewa. Waliounda programu ya kazi hii kwa kujitolea iliwabidi waondoe mfumo endeshi wote, Pi ibaki haina kazi nyingine ila kusikiliza. Yangu bado ilikataa. Wiki tatu nililaumu programu, kumbe waya bapa niliotumia ulikuwa mrefu mno na ishara zilifika zimechafuka. Niliukata ukabaki mfupi kuliko kiganja changu. Nilikuwa nimedhani kifaa kipya kitaikoa mashine ya kale. Kazi karibu yote ilikuwa kukifunza kipya adabu za kale.

Siku skrini ilipoandika "Acorn TUBE 6502 64K" nilimwita jirani. Nilimwonyesha hesabu iliyokwenda zaidi ya mara mia ya kasi ya zamani. Aliitazama kwa upole, akarudi nyumbani, akaja na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kaseti kumi na tano za programu walizoandika wanafunzi wake. "Hizi je, zitasomeka?"

Katika mpango wangu kaseti ndicho kitu cha kwanza nilichokiondoa. Sikuwa nimemuuliza.

Mzee wa Mombasa amenitafutia kinasa sauti na kubadilisha mkanda wake wa mpira. Tumesoma nne hadi sasa, moja ikiwa na mchezo wa meli ulioandikwa na binti wa miaka kumi na mbili, jina lake likiwa mstari wa kwanza. Zimebaki kumi na moja.