Neema ya Bonde na Mikono Iliyofunzwa: Elimu na Maendeleo katika Nchi ya Suguti

Mto Suguti, baada ya kukusanya maji ya vilima na mbuga za Musoma Vijijini, huingia katika Ziwa Viktoria kusini ya mji wa Musoma, na watu waliojaaliwa kukaa kandokando yake, Wajita, Waruri, Wakwaya na jamaa zao, hawakunyimwa na Mwenyezi Mungu vitu vitatu ambavyo mataifa mengi yamevipigania: maji, ardhi na jua. Hulima mihogo, mtama, viazi vitamu na pamba. Hufuga ng'ombe na mbuzi. Huvua sato, sangara na dagaa. Mgeni apitaye njia angeweza kuuliza, bila ya nia mbaya, kwa nini nchi yenye neema ya namna hii ingali na kaya zinazokopa unga kabla ya mavuno. Wala haifai kumjibu kwa kutaja uvivu, maana mvuvi akeshaye ziwani na taa zake hata alfajiri, na mama ashikaye jembe kabla jua halijachomoza, hawastahili neno hilo. Jawabu, kwa rai yangu, ni kwamba neema ya nchi haigeuki kuwa utajiri wa watu mpaka ipite katika mikono na vichwa vilivyofunzwa, na kwamba mikono na vichwa hivyo sharti vipatikane palepale neema ilipo, si katika miji ya mbali peke yake.

Habari hii si ya Suguti tu. Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa pana kwa eneo lakini ndogo mno kwa idadi ya wataalamu. Mwalimu Julius Nyerere, katika siku zake za uzee, alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walimwachia nchi ambayo watu 85 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika, na ambayo ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo Kikuu kilifunguliwa Oktoba ya mwaka huohuo, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotosha kujaza darasa la shule ya msingi. Basi Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ukajiwekea makusudio makubwa matatu ya kutimizwa kufikia mwaka 1980: kipato cha kila mtu kipande, umri wa kuishi ufike miaka 50, na taifa lijitosheleze kwa wataalamu wake lenyewe. Ni jambo la kutafakari kwamba viongozi wa nchi masikini, iliyokuwa na haja ya kila kitu, waliweka hesabu ya mafundi na waganga katika safu moja na hesabu ya fedha na hesabu ya uhai.

Walakini kabla ya mipango hiyo kuandikwa, wakulima wa pande za Ziwa walikwisha kuionja faida ya maarifa kwa njia iliyo karibu zaidi na mfuko wao. Katika Jimbo la Ziwa la zamani, ambalo Musoma ilikuwa sehemu yake, mkulima alikuwa akipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, ikawekwa juu ya mzani, na mwenye mzani akatamka uzito. Na mkulima ambaye hakuzijua tarakimu hakuwa na la kufanya ila kupokea alichopewa na kurudi kwake na dukuduku moyoni. Mnamo miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuchagua wapimaji wao wenyewe, vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wakae penye mizani na kuhakikisha kila ratili. Kutokana na mwanzo huo mdogo kikakua chama cha wakulima, na kutokana na chama, mwaka 1955, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo katika muda mfupi lilihesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika, likamiliki hata mitambo ya kuchambulia pamba. Aliyeongoza jitihada hiyo, Paul Bomani, alizaliwa katika nchi hii ya Musoma mwaka 1925, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wale waliithibitisha kauli hiyo kwa senti zao wenyewe. Kwa hilo hawakuhitaji ardhi mpya wala mbegu mpya. Walipata mtu wao mmoja ajuaye tarakimu, akaketi mahali pa haki, na pato lao likabadilika.

Karibu na Suguti, upande wa mashariki, iko Butiama, na habari ya mtoto wa Chifu Nyerere Burito aliyezaliwa huko mwaka 1922 hujulikana na kila msomaji. Ninalotaka kulikumbusha ni kwamba mtoto yule alianza shule akiwa amekwisha kutimiza miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Akaenda Tabora, akaenda Makerere, akafika hata Edinburgh. Na watoto wa rika lake waliobaki nyumbani kuchunga mbuzi walikuwa wengi mno, ambao akili zao hazikupimwa na mtu yeyote. Sidhani kwamba Mwalimu aliwasahau. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, na humo likapitishwa lile linaloitwa Azimio la Musoma, lililoamuru kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi. Wataalamu wa mipango walikuwa wamelikadiria jambo hilo kwa miaka ya mbali. Azimio likalivuta karibu. Madarasa yakajengwa kwa matofali ya wanakijiji wenyewe, wengine wakasomea chini ya miti, na kwa kuwa walimu wa vyuo hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini, wakifundisha saa za asubuhi na kujifunza saa za jioni, kwa masomo ya posta na ya redio. Hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kupita milioni 3 mwaka 1980.

Wazazi wao pia hawakuachwa. Mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo, ndiyo iliyochaguliwa tangu mwaka 1968 kwa majaribio ya kisomo chenye manufaa, yaliyosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza, ambamo mtu mzima hakufundishwa herufi tupu bali alisoma juu ya pamba yake, uvuvi wake, mifugo yake na chakula cha nyumba yake. Sharti tuseme kweli kwamba katika mambo ya elimu yaliyofanywa Afrika Mashariki, machache yanafikia heshima ya jambo hili: mzee mwenye ndevu za mvi na bibi mwenye wajukuu wakiketi katika benchi la mtoto ili wajue kusoma risiti ya pamba. Katika sensa ya mwaka 1967 theluthi mbili hivi za watu wazima hawakujua kusoma. Katika mtihani wa kisomo wa mwaka 1986 waliohesabiwa kuwa hawajui walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Lakini insafu hutaka tutaje na upande wa pili. Mlango wa msingi ulipanuliwa kwa moyo mkuu, ilhali mlango wa juu yake ulibaki tundu. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu mwenyewe alieleza kwamba watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya kuendelea na sekondari, na kwa hiyo akataka shule ya msingi iwe elimu kamili ya kumwezesha mtoto kuishi kijijini, si ngazi ya kumtoa huko. Rai hiyo ilikuwa na hekima ndani yake. Walakini serikali, kwa kuwa ilipanga nafasi za sekondari kwa kadiri ya kazi za mshahara zilizotazamiwa, iliendelea kuzibana hata katika miaka ya 1980, vijana waliokuwa wakisoma sekondari wakawa chini ya 5 katika kila 100 wa umri huo, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Ilisahauliwa kwamba mkulima naye ana haja ya kemia, na mvuvi ana haja ya baiolojia. Kwamba fundi wa mashine ya boti, mpimaji wa udongo na mganga wa mifugo hawatoki katika darasa la saba. Wakati huohuo Singapore, kisiwa kisichokuwa na madini wala maji ya kukitosha, kilikuwa kikiwaalika wenye viwanda wa Uhindi, Ujerumani na Uholanzi waje wafungue karakana za kuwafundisha vijana wake kazi za vyuma na vipimo. Sisemi kwamba hali zetu zilikuwa sawa, kwani bandari ya mji mmoja si nchi ya vijiji elfu nane. Nasema tu kwamba wao walimhesabu fundi kuwa mwanzo wa utajiri, na sisi mara nyingi tulimhesabu kuwa kijana aliyeshindwa mtihani.

Gharama ya upungufu huo ilidhihirika ziwani. Sangara, samaki aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria wakati wa ukoloni na kuzagaa katika miaka ya 1980, aliwaletea watu wa Mwanza na Musoma biashara ambayo babu zao hawakuiota: viwanda vya minofu vikajengwa ukingoni, na samaki aliyevuliwa usiku na mtu wa Majita akawa chakula cha mtu wa Ulaya kabla ya juma kwisha. Kisha, kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango zaidi ya mara moja: kwanza kwa hofu ya vijidudu vya salmonella na kipindupindu, baadaye kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Samaki walikuwa walewale, nyavu zilezile, juhudi ileile. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa kupima, na maabara ya kutoa cheti ambacho mnunuzi wa mbali angekiamini. Bei ya mwaloni ikaanguka, na mvuvi asiyejua hata jina la kijidudu hicho akalipa gharama yake. Mlango ulifunguliwa tena kwa kazi ya wakaguzi waliofunzwa, kwa sakafu na barafu safi, kwa madaftari yanayoonyesha kila shehena imetoka mwalo gani, na leo taklifu hiyo hubebwa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza. Nikiulizwa mfano mmoja wa kuonyesha kwamba mtaalamu ni sehemu ya riziki ya mtu ambaye hajapata kumwona, nitautoa huu.

Dagaa wana habari kama hiyo, ila yao haijaisha. Wakianikwa juu ya mchanga huchanganyika na udongo, na mvua ikiwakuta huoza, nao huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya vichanja vya wavu hukauka upesi, huwa safi, na huwa chakula cha watu chenye bei ya watu. Maarifa yanayotenganisha bei hizi mbili si makubwa, lakini hayafiki yenyewe. Na mihogo, iliyo mkate wa Musoma Vijijini, imeshambuliwa kwa miaka mingi na batobato na michirizi ya kahawia, na michirizi hiyo mkulima aghalabu huitambua pindi ang'oapo shina na kukuta kiazi kimeoza ndani ijapokuwa majani yalionekana kuwa na afya. Watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, wametoa mbegu zinazostahimili. Safari kutoka shamba la utafiti hata shamba la mama wa Suguti ndiyo iliyo ndefu, na katikati yake yupo bwana shamba mmoja ambaye aghalabu ana vijiji vingi na pikipiki isiyo na mafuta.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumlinganisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na shehena kwa ajili ya wote. Mfano huo ni mzito na ni wa kweli, lakini mimi naongeza kwamba kijiji nacho kina wajibu wake, nao ni kumwandalia arudiye mahali pa kufanyia kazi. Mwalimu wa fizikia akipangiwa sekondari ya kata isiyo na maabara, wala nyumba ya kukaa, wala umeme, hatakaa. Na tusimlaumu kwa haraka. Hapo ndipo naona heri katika yale yatendekayo Musoma Vijijini. Tangu sekondari za kata zilipoenea kwa mpango wa mwaka 2004, na hasa baada ya Rais Kikwete kuagiza kila moja iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, wanavijiji wamekuwa wakisomba mawe, mchanga na maji kwa vichwa vyao, mafundi wakijenga kwa michango, serikali ikiezeka na kuleta vifaa. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa, kwa hiyo binti wa mvuvi hazuiwi tena na ada. Huzuiwa na masafa, na kazi za nyumbani, na kukosa mwalimu wa hisabati.

Sera ya elimu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025 imeweka mkondo wa amali katika sekondari, ili kijana ajifunze kilimo, uvuvi au ufundi kwa heshima ileile ya mwenzake wa historia. Bunda ina chuo chake cha maendeleo ya wananchi, Kisangwa, kimoja katika vyuo vilivyoanzishwa tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden. Musoma ina shule yake ya sekondari ya ufundi ya siku nyingi. Na Butiama, jirani wa Suguti, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu kimo katika kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ningependa wahadhiri wake, siku madarasa yatakapojaa, wapeleke wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza si maktabani tu bali katika mialo na mashamba ya Suguti, wakae na mama anikaye dagaa na mzee ang'oaye mihogo iliyooza, wachukue vipimo, kisha warudi mwaka wa pili na jawabu, na mwaka wa tatu waulize kama jawabu lilifaa.