"Amekata Kamba", Tena Msibani?

Hapa Mwamanyili, Usukumani, mimi ndiye mshenga, na misibani nasoma wasifu wa marehemu. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii huja na daftari la shule: aga dunia, kata roho, kata kamba, na mbele ya kila nahau wameandika "kufa". Kwa mtihani yatosha.

Kijana mmoja aliniletea wasifu wa babu yake, hati safi kabisa, mstari wa mwisho ukisema: "Babu yetu amekata kamba saa kumi alfajiri." Nikachukua kalamu, nikaandika "ametutoka". Kukata kamba ni maneno ya kijiweni. Mjane hapaswi kuyasikia kwenye kipaza sauti. Marehemu akiwa Mkristo, naandika "amelala katika Bwana". Akiwa Muislamu, "ametangulia mbele ya haki". "Ameaga dunia" humfaa yeyote, ndiyo maana hata watangazaji wa redio huitumia.

Posa za Wasukuma wenyewe kwa wenyewe tunazimaliza kwa Kisukuma, tukibishania ng'ombe. Wakwe wakiwa wa Musoma au Tarime, tunaongea Kiswahili. Hapo sitamki kwamba nataka binti. Nasema tumeona ua zuri bustanini mwenu, tunaomba ruhusa ya kulichuma. Baba mtu atauliza, "Maua ni mengi humu, mmeona lipi?" Hata jibu likiwa hapana, hakuna aliyeaibika. Bwana harusi mtarajiwa namwambia mapema anyamaze, maana anatamani kusema amekuja "kuvuta jiko". Hilo akawaambie rafiki zake. Kwenye kadi atafunga "pingu za maisha", usemi wa kipolisi ambao sijaupenda hadi leo, ila wachapaji hawaniulizi.

Methali ndizo ngumu zaidi. W. E. Taylor alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1891, baadaye Ndalu na King'ei wakatoa kamusi yao ya methali. Maana utaipata humo. Nani anaruhusiwa kuisema methali, na kwa nani, hayo ni ya kujifunza barazani. Mzee aliyelaumiwa akijisemea "mkubwa ni jalala", watu hucheka na hasira zikashuka. Kijana akimwambia mzee maneno hayohayo, amemwita dampo. Kijana mwenye la kumwonya mkubwa aanze na shikamoo, kisha aseme: "Ninyi wazee ndio mliotufundisha kwamba haraka haraka haina baraka." Mzee ataelewa, wala hatakuwa na pa kukasirikia.

Na "mkono mtupu haulambwi" usiitamke ofisini kwa mtendaji, hata kama unasifu ukarimu wake. Atajua umekuja na bahasha.