Namba Isiyosema Kitu Kwenye Boksi la Hedifoni

Hedifoni za bei ya chee zinazoning'inia kwenye vibanda vya Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na zile zinazouzwa kwa bei ya simu ya kisasa, mara nyingi huandikwa namba ileile: 20 Hz hadi 20,000 Hz. Huo huitwa wigo wa masafa. Huanzia mtikisiko wa mara 20 kwa sekunde, mzito kiasi cha kuhisiwa kifuani zaidi ya kusikika, na kuishia mara 20,000 kwa sekunde, kwenye mlio mwembamba kabisa. Ndiyo mipaka ya sikio la kijana mwenye afya. Watu wengi wa makamo hawafiki huko juu. Uwezo wa kusikia milio myembamba hupungua umri unavyosonga. Kwa maneno mengine, boksi limeeleza sikio la mteja, na juu ya kifaa chenyewe limenyamaza.

Kinachokosekana ni desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti. Karibu hedifoni yoyote inaweza kutoa mlio wa 20 Hz. Swali ni kwa nguvu kiasi gani ukilinganisha na masafa mengine. Mlio ukishuka kwa desibeli 3, nguvu yake imebaki nusu. Ukishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi, na sikio huusikia kama umepungua kwa takriban nusu. Kampuni ya Sennheiser ilipotoa HD 800 iliandika vipimo viwili: 14 hadi 44,100 Hz kwa mshuko wa desibeli 3, na 6 hadi 51,000 Hz kwa mshuko wa desibeli 10. Kifaa ni kilekile. Ukiruhusu mshuko mkubwa zaidi, wigo unatanuka wenyewe bila fundi kugusa waya. Sasa mtengenezaji asiyetaja desibeli hata moja amejiruhusu mshuko gani? Wigo mtupu ni kama kuambiwa barabara inaanzia Dar es Salaam na kuishia Dodoma bila kuambiwa mashimo yako wapi.

Na mashimo ndiyo habari yenyewe, kwa sababu muziki hukaa katikati. Noti ya chini kabisa ya piano ni 27.5 Hz, ya juu kabisa ni 4,186 Hz. Simu ya mezani ya kawaida ilipitisha 300 hadi 3,400 Hz tu na bado ulimtambua anayeongea. Hedifoni ikivimba kwa desibeli kadhaa karibu na 200 Hz, mwimbaji wa taarabu husikika kana kwamba anaimba nyuma ya pazia. Ikivimba karibu na 8,000 Hz, kila herufi "s" inachoma. Vifaa vyote viwili vinaweza kuandikwa 20 hadi 20,000 na hakuna mtengenezaji atakayekuwa amesema uongo. Ni grafu pekee inayovitofautisha, ule mstari unaoonyesha nguvu ya kila masafa, na grafu ni nadra kuikuta kwenye boksi.

Msomaji makini atauliza: basi tutafute mstari ulionyooka? Hapana. Tundu la sikio lenyewe, lenye urefu wa takriban sentimita 2.5, hukuza sauti za karibu 3,000 Hz, na ubongo umezoea hivyo tangu utotoni. Hedifoni ambayo sauti yake inafika kwenye kiwambo cha sikio bila mwinuko huo husikika imefifia. Mwingine atataja nembo ya Hi-Res ya Chama cha Sauti cha Japani, inayotaka hedifoni zifike 40,000 Hz au zaidi. Ni kipimo halisi, lakini ni mara mbili ya upeo wa sikio, na CD yenyewe haihifadhi kitu juu ya 22,050 Hz. Nembo hiyo imechunga mpaka ambao hakuna anayeuvuka, huku katikati kukiwa hakuna mlinzi.

Pingamizi zito zaidi ni ladha: kila mtu ana sikio lake, grafu ya nini? Watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walilichunguza hilo kwa miaka, wakiwapa watu hedifoni na kuwauliza wanapenda ipi. Wengi walikubaliana na umbo moja, linalofanana na spika nzuri zikiwa ndani ya chumba. Waliobaki walitofautiana hasa kwenye kiasi cha besi. Ladha ipo, ila ni finyu kuliko tunavyojidai. Bei nayo haisaidii: mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na umbo la grafu.

Tena grafu hupimwa kwenye sikio bandia ambalo limezibwa sawasawa, na hapo ndipo wengi hupoteza besi waliyoilipia. Hedifoni za kutumbukiza huja na vipira vya saizi mbili au tatu, na wengi huvaa vilivyokuja vimeshafungwa kiwandani. Kipira kikiwa kidogo kuliko tundu, hewa hupenya pembeni na masafa ya chini ya 100 Hz ndiyo ya kwanza kutoroka. Kabla ya kulaumu kifaa, jaribu saizi ya juu yake.