Unga wa Mawe Katika Bustani ya Mboga

Wasomaji wetu walimao mboga bila mbolea za viwandani wajua kwamba samadi na mboji ndizo chakula kikuu cha udongo. Lakini ziko bustani ambazo hutiwa samadi kila mwaka, na hata hivyo kabichi hudumaa na majani ya nyanya hugeuka rangi ya zambarau. Mara nyingi udongo huo umepungukiwa na fosforasi. Na samadi ya ng'ombe waliokula majani ya mahali hapo haiwezi kuleta kitu ambacho udongo wenyewe hauna.

Dawa yake yapatikana Tanzania. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna kilima ambacho zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa, kilikuwa kisiwa. Ndege waitwao mnandi walikaa hapo, na mavi na mifupa yao ikawa mawe yenye fosforasi. Mawe hayo yaligunduliwa mwaka 1956, na sasa husagwa yakawa unga. Mnunuzi na aulize unga mtupu, maana uko pia uliochanganywa na mbolea za viwandani.

Tena yatupasa kufahamu kwamba unga huu huyeyushwa na uchachu wa udongo. Katika udongo mwekundu wa milimani, ambako mvua ni nyingi, wafaa sana. Katika udongo wa magadi hukaa tu kama mchanga, na fedha ya mkulima imepotea. Basi kabla ya kununua, mwombeni Bwana Shamba awaonyeshe mahali pa kupima udongo. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, unga utafanya kazi.

Jambo la pili ni chokaa. Kazi yake ni kuondoa uchachu. Kwa hiyo atiaye chokaa na unga pamoja aharibu kazi ya unga. Udongo ukiwa mchachu mno, tieni unga kwanza pamoja na mboji wakati wa kupanda, na chokaa msimu unaofuata.

Majivu ya kuni nayo yana tabia ya chokaa, ingawa huleta potasiamu. Msiyachanganye na samadi mbichi, maana naitrojeni hutoka kwa harufu kali ikapotelea hewani. Yanyunyizeni peke yake, kidogo kidogo, baada ya majuma kadhaa.

Afanyaye hivi hatapoteza fedha yake bure, na bustani itamlipa.